Ukishuka, Unasukuma

Mteja wangu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mwanamke anayenunua vitenge kwangu hapa Bwera siku za soko, aliniambia kwamba huko Nairobi amepanda bembea ya ajabu. Unafungwa mkanda, mtu anabonyeza kitufe, unarushwa juu mpaka roho inataka kutoka. Akaniuliza, "Na nyinyi mama, muko na kitu kama ile huku kwenu?" Nikamwambia tunayo Treni. Akauliza inaenda mbio kiasi gani. Nikamjibu inaenda kadiri ya watu wanaoisukuma. Alicheka mpaka akashika meza. Nilimwacha acheke, nikamkatia kitenge chake, lakini moyoni nilikuwa nimeshakasirika, maana mimi juu ya Treni sina utani na mtu.

Iko nje kidogo ya mji wa Kasese, upande wa Rukoki. Mabehewa yake ni yale ya chuma yaliyokuwa yakibeba mawe ya shaba kule Kilembe enzi za mgodi. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliyakuta yanaota kutu, akayawekea viti vya mbao, akatandika reli kuzunguka kilima, na chini ya kilima akajenga pango la mawe ya mtoni na kulitia taa za rangi. Unateremka kwa kasi, unaingia pangoni, unapiga ukelele, unatokea upande wa pili jua likikupiga usoni. Basi. Kando kuna bembea za watoto na mama anayekaanga chapati za mayai.

Lakini treni ikishateremka haiwezi kujirudisha juu, na hapo ndipo ilipo sheria ya pale: mtu mzima akishuka, anasukuma, ili wenzake wanaosubiri juu nao wapande. Watoto hawasukumi. Sisi wakubwa hatuna msamaha. Ukija Jumatatu ya Pasaka utaona wanaume wa suti na akina mama wa magauni mapana ya gomesi, na siku ya pili ya Idi wafanyabiashara wa kanzu nyeupe, wote wameinama nyuma ya mabehewa, jasho linawatoka, wanaimba. Kuna mkubwa mmoja wa ofisi ambaye mjini hasalimii mtu. Pale amewahi kuniambia, "Mama, sogea kidogo niingize bega."

Kuna wakati fundi alishawishiwa na mtu wa Kampala akafunga injini. Treni ikawa inapanda yenyewe, inanguruma, na sisi tumesimama pembeni mikono mitupu kama watu waliokuja kwenye msiba wa wasiyemjua. Watu wakaacha kuja. Fundi mwenyewe aliing'oa, akaipeleka kwa mwenye mashine ya kusaga mahindi. Na mto Nyamwamba ulipofurika ukazoa reli za chini, hatukusubiri kuitwa. Tulizifuata bondeni, tukazichimbua kwenye matope, tukazirudisha mabegani. Reli moja ndefu, mume wangu alibeba ncha moja, na ncha ya pili walibeba watu wawili. Nasema haya kwa kujivuna, wala sioni haya.

Mume wangu nilimpata palepale. Nilikuwa msichana wa Bwera, nimekuja na binamu zangu, nimevaa viatu vya kuazima, nasukuma huku nalalamika: jua kali, reli imejipinda, huyu wa mbele ananikanyaga. Kijana mmoja wa Maliba, mabega yake kama mlango, akageuka akaniambia, "Dada, sukuma na kiuno, wacha kusukuma na mdomo." Watu wakacheka. Nilimtukana. Mwaka uliofuata akaja kwetu na wazee wake. Tangu hapo hatukuwahi kukosa Pasaka, nikiwa na mimba, nikiwa na mtoto mgongoni, yeye akiwa ndiyo kwanza ametoka safari na lori lake.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, mdomo ukaenda upande. Daktari alisema sauti bado ipo, ni mazoezi tu. Lakini yule mtu aliyezoea kusikika soko zima akawa anaongea na mimi peke yangu, tena kwa kunong'ona. Mgeni akipiga hodi, yeye anaingia chumbani. Mkono haukunitisha. Mle ndani tulikuwa bado tuna mikono mitatu, inatosha. Niliogopa ule ukimya. Niliona mume wangu ananiondokea akiwa bado ameketi kitini.

Pasaka ya mwaka huu ilipofika nikamwambia tunaenda Treni. Akakataa. "Nikishuka nitasukuma na nini?" Nikamwambia akae tu kwenye benchi, aangalie. Akanuna. Na mimi nikanuna, na mimi nikinuna hata sufuria zinajua. Mwisho akavaa koti, jirani akatupeleka na gari lake.

Fundi, ambaye sasa ni mzee wa mvi, alituona langoni akaja mwenyewe kutushika mikono. "Baba, behewa la mbele ni lako." Mume wangu akatikisa kichwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakamzunguka kwa upendo mtupu, na upendo wao ndio ulioharibu mambo. Mmoja akasema, "Mzee, panda tu, mi nitasukuma zamu yako." Mwingine akasema hata yeye. Fundi naye akaongeza kwamba leo sheria imemsamehe. Nikaona uso wa mume wangu unakunjamana. Akaninong'oneza, "Nipeleke nyumbani. Mimi si gunia." Akageuka, fimbo mbele, akaelekea langoni.

Hasira ikanipanda, na mimi nikikasirika ndipo akili inafanya kazi. Nikakumbuka kwao Maliba. Kule juu milimani gari halifiki kila mahali. Mgonjwa anateremshwa kwa machela, na kila nyumba inatoa mtu wa kubeba. Asiyekuja anasemwa mpaka anaona aibu kupita njiani. Lakini mbele ya machela daima kuna mtu mmoja anayetembea bila mzigo. Huyo anaimba. Anatoa mstari, wabebaji wanaitikia, na kwa wimbo wake miguu yote inakanyaga pamoja, mgonjwa hatikisiki. Wakifika na chakula kikiandaliwa, mwimbaji anakula na wabebaji, na hakuna anayemuuliza bega lake lilikuwa wapi. Mume wangu, kabla ya kuwa dereva, alikuwa mwimbaji wa machela.

"Wee mzee," nikamwita mbele ya watu wote. "Kwenu, anayeimba machela, amebeba au hajabeba?"

Akasimama. Hakugeuka.

"Nakuuliza. Amebeba au hajabeba?"

"Amebeba," akasema.

"Basi panda. Ukishuka utaimba. Hapa hakuna anayekusamehe kitu."

Akageuka akanitazama. Nilijua nimemtia mahali pagumu. Nilikuwa nimemwondolea aibu ya mkono, nimemwachia aibu ya mdomo. Akikataa hapo mbele ya watu, nilijua hatatoka tena nyumbani, na mwenye kosa nitakuwa mimi na domo langu. Yeye akavuta pumzi, akaja na fimbo yake polepole, akaweka mguu mzima kwenye behewa na kuuvuta ule mwingine kwa mkono. Hakuna aliyemsaidia. Nadhani sasa walikuwa wameelewa.

Tuliteremka. Pangoni alinishika mkono, na watu wote walipopiga ukelele yeye alinyamaza. Tukatokea juani. Akashuka, akaburuta mguu mpaka mbele ya mabehewa, akasimama kando ya reli ametugeukia. Sisi tukainama nyuma, tukaweka mabega. Tukamsubiri.

Sauti ilitoka imepinda. Maneno ya Kikonzo, lugha yetu ya milimani, yalimtoka yamekatika vipande, mate yakamshuka kidevuni, hakuyafuta. Mstari wa kwanza hakuna aliyeuelewa. Lakini mahali pa kuitikia, mtu wa milima hii anapajua hata akiwa usingizini, na tukaitikia. Mabehewa yakatikisika. Mstari wa pili ukatoka na nguvu zaidi. Yule mkubwa wa ofisi aliingiza bega karibu na langu. Mwenye kanzu mmoja, mchukuzi wa mizigo ambaye Kikonzo chake ni cha kuokoteza, aliitikia kuliko sisi wote. Treni ikaanza kupanda, na mume wangu akaanza kupanda mbele yake, hatua kwa hatua, fimbo ikigonga mawe.

Nilikuwa nalia nasukuma. Nilijivuna siku ile kuliko siku yangu ya harusi. Nilijivunia kile kilima na vyuma vyake vya zamani. Nilijivunia watu wanaopiga pasi nguo zao nzuri ili waje kuzilowesha jasho pale. Na nilimjivunia mwanamume yule aliyekuwa anatupanga miguu kwa mdomo wake uliopinda, mbele ya Kasese nzima.

Mwimbaji wa machela ana ruhusa ya kumtaja mbebaji mvivu ndani ya wimbo, na anayetajwa hana haki ya kukasirika. Katikati ya kilima nilikuwa nimeshafuta machozi, namweleza wa pembeni yangu kwamba hii reli inataka mafuta, na kwamba yeye ananisukumia upande mmoja. Mume wangu akasimama. Akameza mate. Kisha akaimba kwa Kiswahili, neno moja moja, ili kila neno lisikike:

"Dada wa Bwera, sukuma na kiuno, wacha kusukuma na mdomo."

Wote wakaitikia. Nikafunga mdomo, nikainama, nikasukuma.