Kiatu cha Punda wa Mama

Nilipofika nyumbani Rukanga nilimkuta punda wa mama amesimama kwa miguu mitatu nyuma ya jikoni. Alikuwa amekanyaga msumari, na ule mguu wa nyuma aliugusisha chini kwa ncha tu. Maji sasa aliyabeba mama mwenyewe, mtungi mmoja mmoja kutoka bombani, akiwa na malapa yaliyokatika na kufungwa kwa waya.

Afisa wa mifugo alikuwa ameshautoa msumari. Alisema jeraha litapona, mradi lisiingie mchanga wala mawe. Chini ya mlima Kasigau ni mchanga na mawe matupu, na vitambaa alivyofunga mama vilikuwa vinaisha kwa siku moja. Kulikuwa pia na mnunuzi wa punda, ambaye lori lake lingepita mwisho wa mwezi. Wote tulijua punda wakipanda lori lile hawaendi kubeba maji. Mama alikuwa ameshamwambia aje. Alisema hawezi kumwangalia mnyama wake akioza mguu, kisha akageuka kufuta macho.

Mimi nina ubaya mmoja: nikiona jambo, nalimaliza kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nilitangaza kwamba nitamtengenezea punda kiatu. Voi, karibu na duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi, kuna fundi wa akala, wale wanaokata ndara za matairi. Nilikuwa nimewahi kuona kwenye simu farasi wa ng'ambo wamevalishwa mabuti ya kukinga kwato, mengine yakipanda karibu na goti. Kama farasi anavaa, punda wa Rukanga amekosa nini?

Nikachukua kipande cha kartoni na kalamu. Nilipousogelea mguu mbaya, punda akarusha teke likapita karibu na paja langu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hata cha kushukuru alikuwa hajapewa. Nikahamia mbele. Wa mbele aliniachia bila ubishi, akaukanyagisha kwenye kartoni, nikachora. Mguu ni mguu, nilijiambia. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Aliniangalia, akaendelea kuchambua. Ameshajifunza kwamba kunikatiza ni kujitafutia kelele.

Fundi alikata soli ya tairi, akaizungushia mpira wa tyubu, akatia kamba. Alisema huyo ni mteja wake wa kwanza ambaye hatakuja kulalamika. Jumamosi nilikipeleka nyumbani, nikamvisha punda mguu mbaya, mama akiwa ameshika kichwa chake, nikapiga picha, nikarudi Voi nikijisifu.

Siku ya tatu mama alipiga simu. Kiatu kilikuwa kimejizungusha, soli imeenda pembeni, na mpira umemchubua punda kisigino. Nilipanda gari kwenda Rukanga na hasira zangu zote, nimeshapanga maneno ya kumwambia fundi. Mama aliniacha nikaongea mpaka nikachoka.

"Si fundi," akasema. "Umepima mguu ile haiumi."

Akanieleza kitu ambacho kila mwenye punda pale anakijua: ukwato wa mbele ni mpana na wa mviringo, wa nyuma ni mwembamba na umechongoka. Punda walikuwepo uani tangu utoto wangu, na sikuwahi kuangalia. Niliona aibu, aibu ya kweli, maana punda alikuwa na kidonda kimoja na mimi nimemwongezea cha pili.

Mama akasimama ubavuni mwa punda, akamwegemeza bega, akateremsha mkono polepole kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo, akimsemesha kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Punda akautua mguu juu ya kartoni. Nilichora haraka.

Kiatu cha pili kilikaa sawa. Kila mchana mama alikivua, akakausha ukwato, akauacha upate hewa kabla ya kukirudisha. Lori lilipokuja, punda alikuwa anatembea uani kwa miguu minne, anachechemea kidogo tu. Mnunuzi alimtazama, akasema huyo hatafika mbali. Mama akamjibu kwamba hana safari ya mbali, ni hapo bombani tu. Lori likaondoka bila punda wetu.

Nilicheka sana. Halafu nikamwona mama anavaa yale malapa ya waya ili akafungie kuku. Chini ya kitanda chake kuna jozi tatu za viatu nilizomletea, moja kila Krismasi, bado ziko kwenye maboksi. Husema anaziweka za kanisani, na kanisani huenda na vingine. Zote nilizijaribu dukani kwa mguu wangu mwenyewe.

Nikachukua kartoni iliyobaki, nikaiweka chini mbele yake, nikamwomba asimame hapo. Akavua malapa.

"Pima tu, mwanangu," akasema. "Mimi sirushi teke."