Fomu Niliyomjazia Mwalimu Nafula

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa ndiyo kwanza nimetolewa darasani na kupewa kazi ya kuzunguka shule kwa shule kuwasaidia walimu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, pikipiki ya kazi, na kiburi ambacho mwenyewe nilikiita bidii.

Nilifika shule moja karibu na Myanga, nikaketi nyuma ya darasa la pili la Mwalimu Nafula. Mama huyo alianza kufundisha kabla sijavaa kaptura ya shule. Kitabu cha mwongozo kilikuwa mezani, hakukigusa. Aliwasimulia watoto hadithi kutoka kichwani, nao wakaitikia kwa furaha, lakini hakuna aliyesoma hata mstari mmoja. Nikajaza fomu yangu ya tathmini. Saa ya chai, mbele ya walimu wote, nikayasoma makosa yake moja baada ya jingine. Yeye akakoroga chai tu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huvunja.

Niliporudi baada ya wiki mbili, kila nililosema alijibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikadhani nimefaulu. Wakati wa kuondoka, mwalimu mkuu, mzee wa maneno machache, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Yule mama ameniletea barua," akasema. "Anataka kustaafu mapema."

"Kwa nini?"

"Si ulimhukumu? Umeona masomo mawili, na hujamuuliza hata swali moja."

Nilirudi mjini Bungoma bila hamu ya chakula.

Wiki iliyofuata nikaenda saa ya chai, nikasimama palepale nilipomwaibisha, nikamwomba msamaha wenzake wakisikia. Kisha nikamsihi aniachie darasa lake nifundishe mimi, yeye aketi nyuma na fomu. Ah, nilitoka jasho! Watoto walijaa hadi mlangoni, wengi wakisikia Kibukusu kuliko Kiswahili changu, na kabla ya nusu ya kipindi walikuwa wamenishinda. Mwalimu Nafula akainuka polepole, akaanzisha wimbo mfupi wa Kibukusu, wote wakatulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watoto walipotoka, nikamwomba anisomee alichoniandikia. Akanirudishia karatasi tupu.

"Sikujaza," akasema. "Hizo herufi ndogo sizioni. Hata kile kitabu sikioni. Ni miaka miwili sasa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikuambie wewe? Si ungeandika."

Jumamosi hiyo nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini, akapata miwani. Barua yake ya kustaafu akaichukua tena mwenyewe kutoka kwa mwalimu mkuu. Muhula ulipokwisha nilikaa tena nyuma ya darasa lake, safari hii mikono mitupu, nikasikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja ukurasa mzima, naye akinitazama juu ya miwani kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipimwa.

Alistaafu wakati wake ulipofika, akahamia Kitale kwa binti yake. Hadi leo walimu wachanga humfuata huko kumuuliza mambo ya darasani. Nimepanda vyeo, mwanangu, nimepewa na vyeti, lakini nikiulizwa najivunia nini, namtaja yeye.

Sasa wewe unaanza kazi hiyohiyo kule Endebess, na kishikwambi badala ya fomu. Uliza kabla hujaandika. La kurekebisha lisemeni mkiwa wawili, sifa itoe mbele za watu. Chaki ishike wewe pia, wakuone ukikosea. Na mwalimu akikufunulia udhaifu wake, usiubebe kwenda ofisini. Tafuteni dawa pamoja. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Mungu akutangulie katika kila darasa utakaloingia. Akupe masikio kabla ya maneno, na walimu wakisikia pikipiki yako langoni, wafurahi kwamba umekuja.