Siku Tuliyokula Matanga ya Mzee Tusiyemjua

Aibu hii nimekaa nayo tangu Agosti na sijamsimulia mtu, hata akina mama wenzangu wa maombi wa Kings Heath ambao huambiana kila kitu. Mara mbili nimeiandika kwenye daftari hili, mara mbili nikararua ukurasa. Basi niseme tu. Mimi, mama wa watoto wawili, mtu wa kanisani, nilikula chakula cha matanga kabla wafiwa hawajarudi kutoka makaburini, na aliyekata keki ni mimi.

Lakini nisianze na keki. Mama yangu alifariki Februari, kule Nyahururu. Karatasi zangu za kuishi hapa Uingereza zilikuwa zimepelekwa kufanywa upya, na ukitoka kabla hazijarudi hujui kama utaruhusiwa kuingia tena, kwa hiyo sikwenda. Nilimzika kwa simu. Nilikuwa kazini Northfield, ninakohudumia wazee, nikasimama kwenye chumba cha kufulia kati ya mashine mbili nikitazama jeneza likishuka, picha ikakwama jeneza likiwa nusu, na iliporudi watu walishaanza kuweka maua. Nikanawa mikono nikaenda kumlisha mzee mmoja uji wake. Sikulia. Na miezi iliyofuata sikulia, nikawa mtu wa kunyamaza tu, mpaka Baba Wanja, mume wangu, akasema tutafute nyumba ya kukodi kando ya bahari Wales, tujipikie wenyewe, wiki moja, labda ukipata upepo utarudi. (Alisema hivyo, "utarudi", kana kwamba nilikuwa nimesafiri.)

Nyumba ya kujipikia maana yake ni kuhamisha jikoni. Nilibeba chapati arobaini, kuku wa mchuzi na sufuria yangu kubwa iliyoungua chini, na binti yetu Wanja, wa miaka kumi na minne, akasafiri njia yote ameipakata kama mtoto mchanga, amenuna. Mwenye nyumba alikuwa ametutumia ujumbe: nyumba nyeupe, mlango wa bluu, karibu na ngazi za kuteremkia ufukweni, mlango hautafungwa, mtakuta chai na keki mezani.

Tukaiona. Nyeupe, bluu, ngazi zile pale. Nikasukuma mlango, ukafunguka.

Niseme haki: Baba Wanja alisema, "Mama Wanja, tumpigie mwenyewe kwanza." Netiweki haikuwepo, lakini kulikuwa na kilima nyuma ya kanisa na mtu mwenye miguu angepanda. Mimi ndiye niliyesema, "Upigie simu keki? Si alisema tutaikuta? Ingia."

Na meza ilikuwa imejaa, jamani. Sandwichi zimefunikwa kwa kitambaa, keki nzito ya zabibu kavu, vikombe vimepangwa safu kwa safu.

"Mum, that's a lot of cups," Wanja akasema.

"Hao ni watu wakarimu. Vikombe vingi vinakusumbua nini?"

Kando ya maua kulikuwa na picha kubwa ya mzee anayecheka. Mimi nikadhani ndiye mwenye nyumba, nikamwambia Kim, mdogo wetu, "Msalimie mzee, umwambie asante." Kim akaipungia picha mkono. Baba Wanja, ambaye alikuwa ameendesha gari masaa manne na mgongo wake si mzuri, akaketi kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha, akavua viatu, akavaa ndara za sufu zilizokuwa zimewekwa pale chini. Nikakata keki. Nilikata kipande kikubwa, nisidanganye.

Ndipo tukasikia nyayo kwenye kokoto, nyingi, na mlango ukafunguka, na watu kama ishirini wakaingia, wote wamevaa nguo nyeusi.

Mtu mwenye akili angesema, samahani, tumepotea nyumba. Mimi mwili wangu haukuningoja. Mwili wangu ulijua watu hawa wametoka wapi, na kwetu ukikutana na wafiwa unasimama unatoa mkono. Nikasimama, keki mdomoni, nikampa pole wa kwanza, nikampa wa pili, wa tatu, na wao wakaupokea, maana Waingereza na Wawales, nimegundua, hawajui namna ya kuukataa mkono wa mtu. Nikafika kwa mjane, bibi mdogo wa umbo aliyeshikwa kiwiko na binti yake. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ni yule wa asubuhi," akasema. "Uliyekuwa ukimwogesha. Alisema mikono yako ina joto."

Hapa ndipo ninapopata shida kuandika. Keki ilikuwa kosa. Hili halikuwa kosa, nililijua. Ningeweza kusema hapana, mama, si mimi. Nikasema, "Alikuwa mzee mwema."

Na nikalia. Si kulia kwa leso. Nililia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, na bibi yule, siku ya kumzika mumewe, akawa ananipapasa mgongo mimi, ananiambia, "Najua, mpenzi. Najua."

Binti yake akangoja mpaka nikapumua. Akauliza, kwa adabu kabisa, "Samahani. Wewe ni nani hasa?"

Baba Wanja akanyanyuka kutoka kwenye kile kiti, maskini, akitaka kusaidia, akasema, "Sisi tuko holidei."

Macho yote yakashuka miguuni mwake.

"Hizo ni za baba," binti akasema.

Bibi akauachia mkono wangu. Hakuutupa. Aliuachia polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa pili wa ngazi. Nyeupe, mlango wa bluu, vikombe vinne, keki ndogo. Hakuna aliyeigusa. Kim akaniuliza, "Ulikuwa unamlilia Shosho, mama yako, ama yule babu?" Nikamwambia nyamaza. Baadaye nikamwambia sijui.

Nikapasha kuku moto, nikaweka chapati zote juu ya sufuria, nikawapelekea wafiwa. Binti alifungua, akasema asante, haikuwa lazima, akafunga mlango taratibu. Alikuwa na haki ya kuubamiza.

Siku ya tatu nikaikuta sufuria mlangoni petu. Imesuguliwa mpaka chini, pale palipokuwa peusi miaka yote, pakang'aa kama mpya. Ndani hamna kitu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo nilifunua mfuniko, nikafunika, nikafunua tena. Nisiwasingizie: pengine kwao kusugua vile ndiyo shukrani. Pengine ndiyo kusema yameisha, msirudi. Sikuwa na uso wa kwenda kuuliza.

Ninayemfikiria zaidi ni yule mwingine, wa mikono yenye joto. Yuko mahali fulani kule, na zile shukrani zilikuwa zake, mimi nikazipokea nikazila pamoja na keki. Pengine siku hiyo alikuwa kazini, anamlisha mtu uji. Sijui kama kuna aliyemwambia.

Karatasi zangu zimerudi wiki iliyopita. Nitakwenda Nyahururu Desemba, nisimame pale nilipopaswa kusimama, na wakinipikia nitakula, kwa kuwa cha kwetu nina haki nacho. Lakini kwingine kote, nikikuta meza imetandikwa na mlango uko wazi, naapa, sitagusa hata zabibu moja kabla sijauliza ni nani aliyefariki.