Mtu wa Reli Haulizi Njia

Chekeni tu, hata mke wangu hunicheka. Miaka ile ya hamsini kazi yangu ilikuwa kupeperusha bendera stesheni ya Nakuru. Nikiinua ya kijani, gari la moshi linaondoka. Basi nikadhani hata dunia naiongoza mimi.

Likizo ilipofika, mimi na rafiki yangu Wafula tulifunga mizigo mgongoni, tukashika safari ya miguu kupanda milima ya Mau hadi Olenguruone. Asubuhi moja, karibu na Keringet, mama mmoja alitukaribisha chai. Tulipoagana naye ukungu ukatanda, na Wafula akataka turudi tukamuulize njia.

"Mtu wa reli haulizi njia," nikamwambia.

Tulitembea kutwa nzima. Mahali fulani nilipapasa kichwa nikaikosa kofia yangu ya kazi. Nikasema imepeperushwa na upepo, ingawa ukungu ulikuwa umetulia tuli.

Jioni tukaona nyumba. Mbwa akatujia akitikisa mkia.

"Unaona?" nikasema. "Huku hata mbwa wanaheshimu reli."

Wafula akamtazama mbwa, kisha akaitazama nyumba. Mimi nikapiga hodi na kuanza hotuba: "Mama, sisi ni wageni, tumetoka mbali sana..."

Mlango ukafunguka. Mama wa chai ya asubuhi alisimama pale, kofia yangu mkononi.

"Nilijua utaifuata," akasema. "Lakini mbona umechelewa hivyo, baba?"