Saruji ya Msiba

Aliyesoma wasifu wa marehemu alisema mume wangu alikuwa mhandisi mcha Mungu, mtu wa familia na mtumishi wa jamii. Alisoma kwa sauti ya kutetemeka, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba wameyajua hayo siku zote. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga kichwani, na nawaambia kweli, machozi yalinikauka kwa hasira.

Mcha Mungu, ni kweli. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuanza kumwaga zege popote bila kuvua kofia na kuomba. Ila sala zake zilikuwa fupi kuliko za mzee yeyote wa kanisa niliyewahi kumsikia, maana zege likishachanganywa halina subira. Alikuwa akisema, "Baba, asante, tusaidie, amina," na majembe yanaanza. Wazee wenzake walimsema kwamba sala yake haina upako. Sala zao ndefu hazijajenga hata choo.

Mtu wa familia, nayo ni kweli, kama familia maana yake ni kushikishwa futi ya kupimia. Jumapili wenzetu walikwenda kutembelea ndugu mjini Mugumu, sisi tulikwenda mtoni. Yeye alipima, watoto wakashika ncha ya futi kwenye matope, mimi nikabeba chupa ya chai. Nililalamika sana. Aliniambia, "Mama, tuko pamoja, unataka nini tena?" Ningekuwa na la kujibu leo, lakini wakati ule nilinuna tu.

Sasa hilo la mtumishi wa jamii ndilo lililonitibua nyongo. Mtumishi wa jamii ipi? Hii hii iliyomfanya ombaomba?

Kijiji chetu, huku upande wa Nyansurura, kimekatwa na mto. Sisi tuko huku, shule na zahanati ziko ng'ambo. Kiangazi unavuka kwenye mchanga mkavu, unasahau kwamba ni mto. Masika maji yanashuka kutoka vilimani ghafla, mekundu, na mtu aliyevuka asubuhi hajui jioni atarudije. Mimi nafundisha darasa la pili pale ng'ambo tangu nilipopangiwa kazi huku nikitokea Singida. Masika ya mwaka juzi mto ulimchukua mwanafunzi wangu, binti wa jirani yetu, akirudi nyumbani. Alikuwa anakaa dawati la mbele kwa sababu hakuona vizuri.

Kwenye msiba wa yule mtoto kila mtu alikuwa mkarimu wa mdomo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Sirari, alisimama akaahidi saruji ya kujenga kalavati pale mtoni, maji yapite chini na watu wapite juu. Wazee wa kanisa wakaahidi saruji. Viongozi nao wakaahidi. Mume wangu aliwaamini wote, maana alikuwa na ubaya huo wa kuamini watu. Alihangaika mpaka akapata mabomba makubwa ya zege yaliyobaki kwenye kazi moja ya barabara, akayaleta kwa trekta hadi ukingoni. Mawe yapo, mchanga upo. Ilibaki saruji tu.

Nyoo. Saruji gani? Alimpigia kaka yake, kaka yake yuko Migori, upande wa Kenya, mtandao unakatika. Alisimama kanisani kila mwisho wa ibada, wakamwambia tuliombee jambo hili. Viongozi wakamwambia avute subira. Mabomba yakakaa pale ukingoni mpaka mbuzi wakayafanya nyumba. Masika yakapita watoto wakivushwa mgongoni, na mimi nikihesabu vichwa vyao ng'ambo. Mume wangu alikwenda kuyatazama mabomba yale kila jioni. Presha ikampata, na kabla ya masika mengine akafa.

Basi, sikiliza. Siku ya msiba gari la shemeji liliingia uani kwangu limelala nyuma kwa uzito. Saruji. Wazee wa kanisa wakaja na mchango wao. Saruji. Viongozi, wakwe, wafanyabiashara wa Tarime ambao mume wangu hata hakuwazoea, wote saruji. Ilipangwa sebuleni kwangu mpaka viti vikatolewa nje. Niliitazama ile mifuko nikasema moyoni, kumbe walikuwa nayo. Walikuwa nayo muda wote, ila walimsubiri afe kwanza ndipo wampe.

Tulipomaliza matanga, shemeji aliita kikao cha ukoo chini ya turubai. Akatangaza kwamba kesho yake kaburi linajengwa, zege nene, marumaru juu, paa la bati la rangi na nguzo nne. "Huyu alikuwa mtu mkubwa," alisema. "Haiwezekani alale kwenye udongo kama mchunga ng'ombe wa kuajiriwa."

Nilisimama. Nilimwambia, "Shikamoo shemeji. Naomba saruji hii ikajenge kalavati. Ndicho alichowaomba, na masika yanakuja."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kuku anaongea. "Shemeji, hiyo maneno wachia wanaume. Wewe ni mtu wa kuja, hujui tunavyozika watu wetu." Wazee wakaguna kukubali. Mzee mmoja wa kanisa, tena yule mwenye sala ndefu kuliko wote, aliongeza kwamba mjane mwenye uchungu asichukuliwe maneno yake kwa uzito.

Mabomba yako ukingoni, mbuzi wamelala ndani, na hawa wanataka kumwekea maiti paa asivujiwe. Ningeweza kuwatukana wote kwa zamu. Lakini mtu ukiishi na mhandisi miaka mingi, kuna mambo unayajua hata kama hukutaka kuyajua.

Kanisani kwetu kuna sakafu. Kila mtu pale chini ya turubai anaijua. Wazee waliimwaga kwa haraka juu ya kifusi kibichi kwa sababu mgeni wa heshima anakuja. Mume wangu aliwasihi, udongo mpya haubebi zege mpaka ushindiliwe, ama unyeshewe mvua utulie. Wakamwambia ana imani haba. Mgeni akaja, akakalishwa kwenye kiti kikubwa cha mbele, na katikati ya mahubiri sakafu ikapasuka, mguu mmoja wa kiti ukazama, mgeni akainamia kwaya. Mpaka leo pale mbele tunatembea kwa kunyata.

Kwa hiyo niliinamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya mjane mnyenyekevu, "Sawa, shemeji. Jengeni. Ila udongo wa kaburi ni mbichi, tumeufukia juzi. Msije mkamfanyia marehemu kama sakafu ya kanisa."

Wazee walitazama viatu vyao. Hakuna aliyethubutu kusema zege litashika. Fundi aliyeletwa na shemeji alisema ni kweli, litatitia na marumaru yatapasuka. Watu wangecheka kuanzia hapa mpaka Machochwe. Shemeji akatafuna midomo, akaamua mvua zinyeshe kwanza, ardhi itulie, atarudi na marumaru baada ya masika. Akaniagiza niitunze saruji.

"Nitaitunza," nilisema.

Yeye anauza saruji. Alijua kabisa kwamba haitunziki masika mazima. Unyevu ukiingia mfukoni inakuwa jiwe. Lakini mtu aliyekasirika hafikiri, na mimi sikumkumbusha.

Mawingu yalipoanza kukusanyika niliwaita vijana ambao mume wangu aliwafundisha kazi. Hawakuuliza saruji ni ya nani. Mmoja alisema tu, "Mama, tunaanza lini?" Wanawake walichota maji. Mama wa yule mtoto aliyechukuliwa na mto alikuja na ndoo yake, akachota tangu asubuhi mpaka jioni. Mbuzi walifukuzwa. Mabomba yakalazwa pale pale mume wangu alipokuwa amepigilia vigingi. Mzee wa sala ndefu naye alitokea, maana penye watu hakosi, akaomba atufungulie kazi kwa maombi. Zege lilikuwa limeshachanganywa. Alipofika kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo nikasema "Amina" kwa nguvu, vijana wakaitikia, majembe yakaanza.

Masika yalikuja na hasira zake zote. Maji mekundu yalipita ndani ya mabomba, na watoto wakapita juu. Darasa langu halikupungua hata siku moja. Nilikuwa nasimama mlangoni asubuhi nawatazama wanavyokuja na soksi kavu, nalia kama mjinga, watoto wananishangaa.

Mvua zilipokatika, mto ukiwa bado una maji, shemeji alikuja na fundi wake na marumaru kwenye pikapu. Nikamwamkia, nikamwekea kiti, nikampa uji. Akanywa nusu, akauliza, "Ile saruji iko wapi?"

"Umepita juu yake sasa hivi," nilisema.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliweka kikombe chini. "Umemwibia marehemu," alisema.

"Sikumwibia. Alikuombeni saruji akiwa hai, mkamnyima. Mlipomletea hakuwa na mikono ya kupokea, nikampokelea mimi."

Alinyanyuka, akatazama kule kwenye lundo la udongo la kaburi, nyasi zimeshaota, halafu akatazama njia aliyojia. Mwaka juzi, alipokuja kwenye msiba wa yule mtoto, alivuka amekunja suruali mpaka magotini na viatu amevishika mkononi. Sasa alikuwa amevivaa, vyeusi, vimepigwa kiwi, na havikuwa na tone la maji.