Sura ya Mtoto Wangu

Mume wangu alikuwa karani katika ghala moja karibu na stesheni ya Changamwe, na watu wote walimwita Mwalimu ingawa hakufundisha shule hata siku moja. Jina hilo lilitokana na baraza yetu. Jioni, wanaume wa mitaa ile, makuli wa bandarini, wapishi wa Wazungu, vijana waliotoka bara kutafuta kazi, walikuja kuketi hapo naye akawaeleza namna ya kuendelea maishani. Mtu aamke mapema. Asinywe tembo. Asinung'unike mbele ya mkubwa wake wa kazi. Asikae na huzuni, kwa kuwa huzuni ni uvivu uliovaa nguo nyeusi. Alikuwa msemaji, hilo simnyimi. Nami nilikuwa ndani napiga pasi shati lake la kesho, kwa maana mtu wa maendeleo hatoki na shati lenye mikunjo.

Binti yetu alishikwa na homa wakati wa vita, siku zile malori ya jeshi yalipokuwa yakipita mchana kutwa kwenda uwanja wa ndege wa Port Reitz. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Asubuhi niliyomwona macho yamemgeuka, nilimsihi mume wangu asiende kazini, tumpeleke mtoto hospitali mjini, kwani peke yangu sikujua hata nianzie wapi. Nilimshika mkono mlangoni. Akanibandua vidole taratibu, akasema ataomba ruhusa mchana arudi. Mchana hakurudi. Adhuhuri ilipoadhiniwa msikitini, mtoto alikuwa ameshakata roho mapajani mwangu.

Tulimzika kesho yake. Kutoka makaburini mume wangu alipanguza viatu vyake kwa majani akaenda ghalani. Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka, na mama yangu, aliyeteremka kutoka Rabai, akawa ananinywesha uji kama mgonjwa. Sikumlaumu mume wangu wakati ule. Niliona ni mtu aliyemwogopa Mzungu wake, na wanaume wengi walikuwa hivyo.

Vita vilipokwisha, akaandika kitabu. Kilikuwa kitabu chembamba cha jalada la kijani, kimechapwa na Mhindi mmoja mjini, na jina lake lilikuwa refu hata watu wakakiita Kitabu cha Mwalimu tu. Aliniletea nakala ya kwanza jikoni, akasimama kunitazama nikiifungua. Nilisoma misheni, kwa hiyo kusoma hakukunishinda. Nikafika kwenye sura ya kushinda huzuni, na mle ndani nikamkuta mwanangu.

Aliandika kwamba mtoto alipougua, mke wake alimwambia: nenda kazini, mume wangu, msiba usituvunje. Aliandika kwamba baada ya maziko mke huyo alikunja mikono ya gauni akafua nguo za mumewe, bila kutoa chozi, na kwamba nyumba ile tangu siku hiyo haikupungukiwa na furaha.

"Nilikusihi usiende," nikamwambia. "Hapa umeandika nilikutuma."

Hakukasirika. Alikuwa hakasiriki kamwe, na jambo hilo nalo lilikuwa na sura yake kitabuni. Akanijibu kwa upole kwamba wasomaji wanataka mfano mwema. Kama angeandika kwamba nililia na kumshika mkono, ni nani angefaidika?

"Na mtoto je?"

"Mtoto hakufa bure sasa," akasema. "Watu watajifunza kwake."

Nikageukia sufuria, maana ugali ulikuwa unaungua.

Watu walijifunza kweli. Kanisani kwetu kitabu kilisomwa kwa sauti baada ya ibada, na makarani wakakibeba mfukoni mwa shati ili jalada lichungulie. Wanawake walinikaribisha mbele. Wengine walinigusa bega tu wakapita, kama mtu anavyogusa mlango wa nyumba ya mkubwa. Mama yangu aliposikia kilichoandikwa alisema hataingia tena katika nyumba ile, na kweli hakuingia. Nikitaka kumwona, nilipanda mimi Rabai.

Siku moja alikuja mtu na mkewe kutoka Magongo. Walikuwa wamefiwa na mtoto wa kiume, na mwanamke yule alikuwa amekonda, kitambaa kimemlegea kichwani, macho hayatazami kitu. Mumewe alikishika kile kitabu mkononi. Akanisalimu kwa heshima nyingi, akaniambia amemleta mkewe nimfundishe, kwa kuwa kila alfajiri mwanamke analia, na yeye mumewe hawezi tena kulala wala kufanya kazi.

"Mweleze ulivyofanya wewe, mama," akasema. "Labda akikuona kwa macho ataamini."

Nilimwomba mwanamume akae barazani amngoje Mwalimu. Nikamwingiza mwenzangu chumbani, nikafunga mlango. Alinitazama, na nadhani alielewa kabla sijasema neno, kwa sababu aliniuliza polepole, "Wako aliitwa nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu tuzike. Nikamtajia jina. Naye akanitajia la wake. Tukakaa kwenye mkeka tukalia, wanawake wawili tusiojuana, mpaka mumewe akaanza kugonga mlango akiuliza kuna nini. Alipomwona mkewe macho yamevimba kuliko alivyokuja, alimshika mkono wakaondoka bila kuaga.

Mwanamume yule alikwenda kunishitaki kwa mume wangu kazini. Jioni Mwalimu aliniambia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba nimeharibu kazi ya miaka, na kwamba siku nyingine wakija watu niseme naumwa kichwa. Nikafanya hivyo. Hata hilo nililifanya.

Si wote waliokipenda kitabu. Mume wangu alialikwa Likoni kusoma mbele ya watu, nami nikafuatana naye, nikaketi upande wa wanawake. Alipomaliza sura ile, mzee mmoja wa Kiislamu, wa nyumba za zamani, alisifu kwanza sauti yake na usafi wa maneno yake. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, msiba hukaliwa. Wewe huu wako hukuukalia, uliukimbia. Wallahi nakuonea huruma, na huyo bibi namwonea huruma zaidi." Mume wangu alitabasamu akamshukuru. Njiani kurudi alisema wazee wa pwani wanapenda mno kukaa. Mimi nilitamani kurudi nikambusu mzee yule mkono.

Kilichokivunja kitabu ni mgomo. Makuli waliacha kazi wakidai mishahara, na baadhi ya wakubwa wa maghala, walioona mle ndani sura ya kutonung'unika, walinunua nakala tele wakawagawia watu bure milangoni. Basi mtu mwenye njaa akapewa kitabu kinachomwambia njaa yake imetokana na kulala sana. Walizichana nakala mbele ya nyumba yetu. Mmoja wao, aliyewahi kuketi barazani petu kila jioni, alisema hana ugomvi na mimi, ila mume wangu anapaswa kujua kwamba amewauza. Mume wangu alipita katikati ya karatasi hizo na shati lake nililolipiga pasi, akaenda kazini peke yake. Alitarajia baada ya hapo atapandishwa cheo. Mzungu wake alimpa mkono, akamwacha kwenye meza ileile mpaka alipostaafu.

Barazani hakuja mtu tena. Nakala zilizobaki zililiwa na mchwa chini ya kitanda, nami sikuzihamisha.

Tulizeeka pamoja. Hatukupata mtoto mwingine. Kisha siku moja, yeye akiwa hasikii vizuri tena, alikuja mtu mzima wa makamo, aliyevaa vizuri, akiuliza nyumba ya Mwalimu. Alisema alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, na kwamba kitabu kile ndicho kilichomtoa. Sura ya kushinda huzuni ndiyo hasa, akasema. Alipokuwa akisoma habari za mama yule asiyelia, aliona haya, akaacha tembo. Sasa ana mke, ana watoto, ana duka lake. Alitaka kutushika mikono sote wawili, na alipofika kwangu machozi yalimlengalenga.

Nilimpikia chai. Hakuwa mwongo, na watoto wake walikuwa hai.

Alipoondoka, mume wangu alikuwa ameketi wima kitini, uso umemng'aa kama siku za baraza.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikasema, nikaanza kuondoa vikombe. Aliendelea kunitazama, akingoja niongeze neno.