Mlango Unaotosha Karatasi Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla miavuli haijafunguliwa ufukweni, Ersilia Bozzano anachovya brashi kwenye ndoo ya gundi na kuupaka ubao ulio chini ya lango la kale la Portasale, mji mdogo wa pwani ya Liguria. Anabandika karatasi yenye ukingo mweusi: jina, picha, umri, saa ya mazishi.

"We Ersilia, nani leo?" anauliza Delfina, bibi wa miaka tisini, ameegemea mkongojo. "Si mimi?"

"Wewe bado, mama. Kifo kinauogopa ulimi wako."

Kazi hii ameifanya miaka thelathini na mmoja, kwa euro nane kila tangazo. Wakati wa baridi mji una watu mia sita. Agosti wageni hufurika, na kila mmoja anataka picha langoni. Kuna mgeni aliyedhani ni tangazo la muziki, akamwuliza Ersilia yule mzee wa kwenye karatasi anaimba saa ngapi.

"Nikamwambia, amekwisha maliza."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Mwisho wa mwezi ubao unahamishiwa makaburini, juu mlimani. Wenye hoteli wamelalamika: maiti wanaharibu picha.

Delfina hawezi kupanda huko, na asiyejua nani kafa haendi kuzika. Kiangazi kilichopita ubao ulifunikwa siku tatu kwa ajili ya tamasha. Siku hizo hizo akafa Tullio, kaka yake Ersilia, kinyozi wa mji kwa miaka arobaini. Walimzika watu wanne.

"Mmoja padri, naye analipwa," anasema Ersilia. "Vichwa vyote vya mji huu vilipita mikononi mwake. Pale kaburini sikukiona hata kimoja."

"Mimi nilimsema," Delfina anasema taratibu. "Wiki mbili duka limefungwa, nikasema, tazama huyo mvivu, kinyozi naye ana likizo!"

Mgeni mwenye kamera anawaomba wasogee kidogo. Wanasogea.

Nyumba ya Ersilia ndiyo ya kwanza ukiingia langoni. Tajiri wa Milano alitaka kuinunua, Ersilia akakataa. Mlango ameshaupima: unatosha karatasi nne.

"Mlango ni wangu. Wakiwafukuza marehemu hapa, watakuja kwangu."

"Na karatasi yako ataibandika nani?"

"Piera wa mikate. Namfundisha." Ersilia anasugua gundi vidoleni. "Ila anaipaka kama siagi, yote inachuruzika. Itanibidi niishi mpaka ajue."